Pikapu: Chombo cha Kazi au Kiti cha Heshima?

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Ifakara)



Nimeombwa nizungumze juu ya usafiri katika bonde letu. Sitayagusa yote. Nimechagua chombo kimoja ambacho karibu kila mmoja wetu amekwisha kukipanda, nacho ni pikapu. Huenda wengine wakaliona jambo hili kuwa dogo. Lakini katika bonde la Kilombero, ambako masika hugeuza njia za mashambani kuwa tope, mpunga wa mkulima na maisha ya mgonjwa aghalabu hutegemea gari moja tu. Basi kuuliza ni gari la namna gani linunuliwe, kwa fedha ya nani na kwa kazi gani, si jambo dogo hata kidogo.

Kwanza tutazame tulikotoka. Katika miaka ya 1960 na 1970 gari la shamba na la serikali lilikuwa Land Rover. Mabati yake ya alumini hayakushika kutu, na injini yake fundi aliweza kuifungua chini ya mwembe kwa spana chache. Reli ya TAZARA ilipokabidhiwa mwaka 1976, mizigo ya mbali ilipata njia kupitia Ifakara na Mlimba. Lakini kutoka shambani hadi stesheni bado lilihitajika gari. Na aliyetoka Ulanga alisubiri pantoni, mpaka lilipojengwa daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililofunguliwa rasmi mwaka 2018.

Wajapani nao walileta Toyota Hilux mwaka 1968: kebini moja mbele, na nyuma bodi ya kubeba kiasi cha tani moja. Hilux ya kuvuta kwa magurudumu yote manne ilifuata mwaka 1979. Hapa kwetu, serikali iliporuhusu mwaka 1984 wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, pikapu nazo zikaingia. Katika miaka hiyo ya shida ya usafiri mjini Dar es Salaam, magari ya namna hiyo yalitiwa mabenchi mawili yanayotazamana. Abiria walikaa ana kwa ana kama wateja wa mgahawani, na watu wakayaita "chai maharage".

Sasa tutazame tulipo. Hilux ya kwanza ilikuwa na urefu wa mita nne na kidogo. Ya leo yenye milango minne inapita mita tano na robo. Mtu angedhani kwamba bodi ya mzigo nayo imerefuka. La hasha! Urefu ulioongezeka umekwenda kwa abiria. Bodi ya gari la kebini mbili ni kiasi cha mita moja na nusu, hali ile ya kebini moja inazidi mita mbili. Na mambo haya hayako kwetu tu. Huko Marekani, magari ya Ford F-Series, ambayo zamani yalikuwa ya mkulima na fundi, leo wengi huyanunua kwa kwenda ofisini na kupeleka watoto shule.

Sisemi kwamba mabadiliko yote ni mabaya. Gari la leo lina breki bora, mikanda na mifuko ya hewa ya kumkinga abiria. Kumkalisha binadamu juu ya magunia hakukuwa ustaarabu, na wengi wamepoteza maisha kwa sababu hiyo. Injini mpya za dizeli zenye turbo nazo zina nguvu nyingi kwa ukubwa wake. Lakini nozeli zake huendeshwa kwa kompyuta na kwa mgandamizo mkubwa mno. Dizeli ya kwenye madumu ikiwa na maji au uchafu, gari husimama; na fundi wa chini ya mwembe, asiye na kifaa cha kusoma hitilafu, hana la kufanya. Ndiyo maana wanaozijua njia zetu bado huitafuta Land Cruiser ya jamii ile iliyoanza mwaka 1984, ile tunayoiita "mkonga", yenye dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Tatizo lake ni bei.

Je, mnunuzi wa bondeni anataka nini? Mkulima na mfanyabiashara wa mpunga wanataka nafasi ya magunia, springi ngumu, na spea zinazopatikana Ifakara. Kwa kuwa pikapu mpya haiwapi hayo kwa bei wanayoiweza, wamekimbilia kirikuu, toyo ya magurudumu matatu, na mwenye uwezo Canter. Kazi ya pikapu imechukuliwa na wengine. Pikapu yenyewe imepanda cheo.

Mnunuzi wa pili ni sisi, yaani taasisi. Niliwahi kuwa mjumbe katika kamati ya shule moja ambayo sitaitaja. Wazazi walichanga mpunga, debe kwa debe, ili shule ipate gari. Wajumbe tulivutiwa na gari la milango minne, na mkono wangu ulikuwa miongoni mwa iliyonyoshwa. Lilipofika tulilipigia makofi. Wiki iliyofuata tulikwenda kuchukua madawati. Yaliingia machache tu, na yaliyobaki yakaja kwa kirikuu ya kukodi. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, tumenunua gari la kubeba madawati, au la kubeba kamati?" Sikuwa na jibu.

Ndugu zangu, gari la kebini mbili lina mahali pake. Maofisa watano wakienda Mlimba kwa kazi moja, ni haki wasafiri kwa usalama. Lakini mgonjwa aliyelazwa kwenye machela haenei katika bodi ya mita moja na nusu, wala mbolea haipandi kwenye viti vya ngozi. Kwa hiyo, kabla ya kutia saini, yatupasa tuulize: siku nyingi za mwaka gari hili litabeba nini? Likiharibika Malinyi wakati wa masika, nani atalitengeneza? Na aliyetoa fedha, atafaidika nalo vipi?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka masharti ya uongozi ili kiongozi asijitenge na mkulima na mfanyakazi. Magari yamebadilika, lakini wajibu huo haukubadilika. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tusichague gari kwa mng'ao wake, tukawaacha wazazi waliolilipia wakikodi kirikuu.