Kiwango cha mchemko na petroli ya Kurasini

Petroli inayoshushwa kwenye gati la mafuta la Kurasini, wilayani Temeke, ni kimiminika tete, yaani kimiminika kinachogeuka mvuke upesi hata kabla ya kupashwa moto, na kwa kuwa ni mchanganyiko wa hidrokaboni nyingi haina kiwango kimoja cha mchemko kama asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha katika saluni za Mbagala na Mwananyamala, ambayo ikiwa safi huchemka kwenye nyuzi 56 za Selsiasi. Maabara, basi, huikeneka: mililita 100 hutiwa katika chupa ya kioo yenye mkono wa pembeni na kupashwa moto polepole, na mvuke wake hupita katika bomba lililopozwa, ukadondoka ukiwa kimiminika tena. Kipimajoto husomwa tone la kwanza linapoanguka, kisha kila mililita 10 zinapokusanyika. Balbu yake hukaa mkabala na mdomo wa mkono huo, kwani kinachopimwa ni mvuke. Ikizamishwa, kipimo chote huharibika.

Mafuta ya taa huchemka takriban kati ya nyuzi 150 na 300, hivyo petroli iliyochakachuliwa kwayo hujifichua mwishoni, kipimajoto kinapozidi kupanda. Ili kuudhibiti uchakachuaji huo, EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba, yaani kemikali za utambulisho, katika mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa, hatua iliyopunguza faida ya uchakachuaji, japo iliwaumiza waliopikia jiko la utambi.