*KAULI YA KATIBU WA TAWI: WATOTO WETU WALIO MAHABUSU*



Kwa ambao hamkufika kikaoni Jumamosi, nilisema hivi.

Mtoto wa miaka 14 wa mtaa wetu alikamatwa kwa tuhuma ya kuiba simu. Dhamana ilikuwa wazi, lakini alikaa ndani siku tisa kwa kukosa mtu mzima wa kumdhamini. Wengi tulijua. Hata mimi nilijua.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumhukumu kifungo mtoto aliye chini ya miaka 18. Mahakama inaweza kumwachia kwa masharti au kumkabidhi kwa mlezi anayefaa. Ila hakimu anahitaji taarifa ya afisa ustawi wa jamii, na afisa asiye na nauli hafiki nyumbani kwa mtoto. Fungu hilo ni la halmashauri. Tumemwomba diwani alisimamie kwenye bajeti inayoanza Julai.

Kwa upande wetu, natafuta wanachama watano wa kwenda kudhamini. Barua ya mwenyekiti wa mtaa nitaifuatilia mwenyewe. Jina la kwanza ni langu. Aliye tayari anijibu humu kabla ya Ijumaa.

Katibu wa Tawi