Chungu cha Kuchuja Maji Hakitaki Haraka

Ndugu wasikilizaji wa Kasongo na Kabambare, leo tena ni kuhara kwa watoto, na sitaacha kulisema. Unateka maji mtoni, wengine chini kidogo tu ya wanaoosha mchanga wa dhahabu. Unaacha bidoni itulie, tope linashuka, unamnywesha mtoto. Maji meupe si maji safi!

Hizo pumba za mpunga mnazozichoma kando ya mashini zina kazi: kutengenezea chungu cha kuchuja maji hayo. Zisage, zichekeche, zichanganye na udongo mkavu uliotwangwa, finyanga chungu, kianike kivulini, kisha kichome hadi digrii 900 hivi. Pumba zinaungua na kuacha vitundu ambavyo jicho halivioni. Chungu kinakuwa chepesi, maji yanapita, vijidudu vingi vinabaki. Fernando Mazariegos wa Guatemala alikibuni chungu cha aina hii mwaka 1981, na chungu chenyewe hupakwa madini ya fedha kidogo sana ili kusaidia kuua vijidudu.

Tatizo ni haraka yenu. Nimeona chungu kilichokwanguliwa kwa kisu ndani, eti maji yatoke upesi. Jamani! Kinachotiririka ndicho kinachomharisha mtoto. Mfinyanzi, kiloweke siku nzima, kijaze, pima saa moja. Lita 1 au 2 ni sawa. Kikipita lita 3, kivunje. Usikiuze hata kwa nusu bei, na ufa usiuzibe kwa simenti.

Kila ukifungua tanuri, vunja kimoja utazame katikati. Pakiwa peusi, pumba hazikuungua zote, vitundu vimeziba. Kuna kipimo kingine. Udongo wetu mwekundu una chuma: ukichomwa kwa moshi mwingi na hewa kidogo, chuma hicho huweza kuvutwa na sumaku. Chukua sumaku ya spika mbovu ya redio uigusishe kwenye kigae. Ikinasa, huenda moto wako ulikosa hewa. Acheni kubana matundu ya tanuri ili kuokoa kuni!

Halafu maji yamechujwa vizuri, mtu anatumbukiza kopo lililotoka chini. Wekeni ndoo yenye kifuniko na robine. Chungu kisugue kwa brashi na maji yaliyochujwa, bila sabuni.

Na wewe mama mwenye chungu chenye ufa, maji ya jioni hii yachemshe kabla hujampa mtoto.