SHIRIKA LA NDEGE NI MALI YETU: TUULIZE KABLA YA KUUZA

(Hotuba iliyotolewa na mwenezi wa chama mbele ya mkutano wa tawi)



Kila hesabu za Shirika letu la Ndege zinaposomwa, husikika watu wakisema: "Liuzwe, tupumzike." Wengine hujibu kwa hasira: "Haliuzwi ng'o!" Mimi nilisomea ualimu, na mwalimu hapokei jibu kabla swali halijaandikwa ubaoni. Leo nataka tuandike maswali.

Kwanza tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1946 Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilianzisha shirika moja, East African Airways. Lilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda lake. Desemba 2002 tuliuza hisa 49 katika kila 100 kwa shirika la ndege la Afrika Kusini, kwa dola milioni 20. Tuliambiwa Dar es Salaam itakuwa kituo kikuu cha safari za Afrika Mashariki. Mwaka wa kwanza hasara ilikaribia shilingi bilioni 7.3, na sababu iliyotolewa ni kwamba safari hazikuongezeka upesi kama ilivyopangwa. Mwaka 2006 ndoa ikavunjika. Desemba 2008 shirika likanyang'anywa kibali cha kuruka kwa muda. Kufika 2016 lilikuwa limebaki na ndege moja, ndipo Serikali ikaanza kununua mpya.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo simlaumu mwananchi anayeogopa neno "mbia".

Lakini tusijidanganye. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alionyesha hasara ya shilingi bilioni 56.6 kwa mwaka 2022/23, na bilioni 91.8 kwa mwaka 2023/24. Fedha hizo hazikuanguka kutoka mbinguni. Ni jasho la mkulima, mvuvi na mama muuza vitumbua. Kukataa kuuza nako kuna gharama yake, na anayelipa ni sisi.

Tazameni jirani zetu. Kenya iliuza shirika lake mwaka 1996. KLM ya Uholanzi ikachukua hisa 26 katika kila 100, na wananchi wakanunua nyingine sokoni. Kwa miaka mingi lilipata faida, na wengi wakasema dawa imepatikana. Kisha katika mwaka 2015/16 likapata hasara ya shilingi za Kenya zaidi ya bilioni 26. Mwaka 2017 Serikali na mabenki yaliyokuwa yakilidai wakageuza madeni kuwa hisa. Basi kuuza peke yake si dawa, wala si sumu. Linaloponya au kuua ni mkataba, na macho ya wenye mali.

Ndugu zangu, siku yoyote likiletwa pendekezo la kuuza, tudai majibu ya maswali manne.

La kwanza: kinauzwa nini? Ndege zilizonunuliwa tangu 2016 zilikabidhiwa Wakala wa Ndege za Serikali, nalo shirika likazikodi. Je, mnunuzi atachukua ndege, au jina na njia tu? Madeni yatabaki kwa nani?

La pili: nani atawapelekea ndege watu wa Mpanda, Songea na Kigoma? Mfanyabiashara hufuata abiria wengi. Mgonjwa anayesubiri kufika Muhimbili hahesabiki katika faida.

La tatu: rubani, fundi na mpakia mizigo watakuwa wapi? Haki zao ziandikwe kabla ya sahihi, si baada ya kilio.

La nne: mbia asipotimiza ahadi, tutatokaje, na kwa bei gani? Mwaka 2002 tulibaki na hisa 51, nazo hazikutuokoa. Wingi wa hisa bila usimamizi ni kama kushika hatamu za punda aliyekwisha kimbia.

Na hata lisipouzwa, maswali hayo hayo tuyaulize kwa wale tuliowakabidhi. Wawakilishi wetu wasome hesabu hizo, waje watueleze hapa tawini kwa Kiswahili cha kueleweka.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari ni letu. Tulifungue.