Motokaa, Daftari na Kodi ya Mapato

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo ambalo wengi hulisikia nusu, na nusu hiyo huwatia hasara: nalo ni gharama ya gari litumikalo kwa kazi, na namna inavyohesabiwa katika kodi ya mapato.

Kodi hii si ngeni kwetu. Ilianza kutozwa Kenya mwaka 1937, na mwaka 1940 ikaingia Tanganyika, Uganda na Unguja. Siku hizi inaongozwa na Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, nayo inatumika Bara na Visiwani, maana kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Kwa hiyo mtu wa Unguja huilipa kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Ama kodi ya ongezeko la thamani juu ya mauzo ya hapa petu, hiyo hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar, ambayo kabla ya mwaka 2022 iliitwa Bodi ya Mapato. Asizichanganye mtu nyumba hizi mbili.

Sasa tuulize: mfanyabiashara hutozwa kodi juu ya nini? Si juu ya kila shilingi iingiayo sandukuni, bali juu ya faida. Sheria yampa ruhusa kupunguza gharama alizotoa kwa ajili ya kupata mapato yake, na kwa ajili hiyo tu. Matumizi ya nafsi yake na ya jamaa zake hayamo.

Tuseme yuko muuza viungo mwenye duka Darajani. Gari lake huenda Kizimbani kuchukua iliki na mdalasini, kisha hupeleka mizigo katika hoteli za Nungwi na Paje. Ijumaa gari lilo hilo huwachukua watoto kwenda kumtazama bibi yao Makunduchi. Kwa mwaka limekwenda kilomita 18,000, na katika hizo 12,000 ni za biashara. Petroli, matengenezo na bima vimemgharimu shilingi 4,500,000. Thuluthi mbili, yaani shilingi 3,000,000, ni za biashara. Thuluthi iliyobaki ni yake mwenyewe.

Tena liko jambo la uchakavu. Gari dogo la namna hiyo hupunguziwa asilimia 37.5 ya thamani yake kwa mwaka, na mwaka unaofuata asilimia hiyo huhesabiwa juu ya masalio. Ikiwa gari lilinunuliwa kwa shilingi 8,000,000, uchakavu wa mwaka wa kwanza ni shilingi 3,000,000, na sehemu ya biashara ni 2,000,000. Wala tusisahau kwamba motokaa haipiti katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Ujira wa hamali aukokotaye mzigo mpaka mlangoni ni gharama pia, maadamu umeandikwa na kutiwa sahihi.

Hapa wengi hukosea. Kupunguza gharama si kurudishiwa fedha yote. Mtu aliye katika daraja la asilimia 30, akipunguza shilingi 3,000,000, huokoa shilingi 900,000 za kodi. Si haba, kwani ni ada ya skuli na mafuta ya miezi kadhaa. Lakini si milioni tatu.

Je, safari ya kutoka nyumbani kwenda kazini? Baraza la Mabwana la Uingereza lilikata shauri la mwanasheria Ricketts, aliyekaa London na kufanya kazi ya uamuzi Portsmouth. Aliomba nauli yake ipunguzwe katika kodi, akakataliwa, kwa kuwa kukaa London kulikuwa hiari yake wala si sehemu ya kazi yake. Basi akaaye Bububu akaja dukani Darajani kila asubuhi, safari hiyo asiitie katika hesabu ya biashara.

Katika nchi nyingine serikali huweka kiwango kwa kila maili. Marekani kwa mwaka 2025 iliweka senti 70. Hapa kwetu sheria hutazama gharama halisi iliyothibitishwa.

Na mwenye mshahara je? Mwalimu au karani hawezi kupunguza petroli yake katika mshahara. Lakini ikiwa mwajiri amemrudishia fedha alizotumia kwa kazi tu, marudisho hayo hayahesabiwi kuwa mapato yake. Kwa hiyo na amwendee mwajiri wake, stakabadhi mkononi. Naye mfanyabiashara mdogo ambaye kodi yake hukadiriwa juu ya mauzo, huyo hapunguziwi gharama za safari.

Lililobaki ni daftari. Andikeni tarehe, mlikotoka, mlikokwenda, sababu ya safari, na kilomita za mwanzo na za mwisho. Andikeni siku ile ile, maana akumbukaye safari za mwaka mzima kwa usiku mmoja hukumbuka na zisizokuwapo. Aongezaye kilomita za uongo huiibia hazina inayojenga hospitali na skuli za watoto wake. Naye asiyeandika hujidhulumu nafsi yake, akalipa kisichompasa. Stakabadhi zihifadhiwe miaka 5, kama inavyoagiza Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015.

Nanyi wanafunzi, kazi hii yawafaa. Mzee wenu akirudi na gari jioni, mchukulieni kalamu, msome kilomita, mwandike. Wazee wetu walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.