Saa 24 za Kwanza Baada ya Kujifungua

Leo nazungumza nawe mama mja mzito unayepanga kujifungulia hospitalini, hasa wewe ambaye hii ni mimba yako ya kwanza na hujui utakuta nini huko.

Ukifika utaulizwa kile kitabu cha Mama na Mtoto ulichopewa kliniki. Usikisahau nyumbani. Tutakupima presha, tutasikiliza moyo wa mtoto, na kila baada ya saa nne hivi tutakupima kwa vidole kuona njia imefunguka kiasi gani. Mtoto hutoka njia ikifika sentimita 10. Kwa mimba ya kwanza yaweza kuchukua mchana kutwa au usiku kucha. Tembea, kunywa uji, na uende haja ndogo mara kwa mara.

Mtoto akitoka utadungwa sindano pajani. Dawa hiyo hufanya nyumba ya mtoto ijikaze ili damu isitoke kupita kiasi. Mtoto naye atawekwa kifuani pako, aanze kunyonya kabla saa moja haijapita.

Sasa, mama, hapa nisikilize vizuri. Wengi wakishapata mtoto huona kazi imekwisha. Sivyo. Hapa Kenya, kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoua wazazi wengi zaidi, na mara nyingi hutokea katika saa 24 za kwanza. Ndiyo maana muuguzi atakuja tena na tena kukubonyeza tumbo. Najua inauma, na wengine hutuita wakatili. Tunatafuta kama nyumba ya mtoto imekuwa ngumu kama mpira. Ikiwa laini, damu inatoka.

Nakumbuka mama mmoja aliyejifungua alfajiri. Kufikia adhuhuri alikuwa amevaa, leso imefungwa, mume yuko mlangoni. Ng'ombe na watoto wadogo walikuwa wakimngoja nyumbani. Nilipombonyeza tumbo, mabonge ya damu yakatoka. Kumbe alikuwa amebadilisha pedi mara tatu kimya kimya, asitusumbue. Tulimwekea maji na dawa mshipani, akapona. Lakini kama angekuwa ameshapanda matatu, sijui.

Kwa hivyo usifiche. Pedi ikilowa yote ndani ya saa moja, ukiona kizunguzungu, kichwa kikiuma sana au macho yakiona giza, ita muuguzi, hata kama ni usiku wa manane na amenuna. Hata ukijisikia mzima, kaa angalau saa 24. Ukipasuliwa utakaa siku tatu hivi, wakati mwingine zaidi.

Muda huo si wa bure. Mtoto atapewa chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio, na utapewa karatasi ya kuombea cheti chake cha kuzaliwa. Usiitupe.

Baba nyumbani, tafuta mapema mtu wa kukaa na watoto na kukamua, mama asirudi mbio. Tena hakikisheni mmejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla uchungu haujaanza. Foleni ya kujiandikisha na uchungu haviendi pamoja.

Juma lijalo tutazungumza juu ya maziwa ya kwanza, yale ya manjano ambayo nyanya wengine husema yamwagwe. Kwaheri kwa sasa.