Kuku Aatamiaye na Wezi wa Mayai Yake

(Maneno ya hotuba kwa wafugaji wa kuku wa Nakuru na sehemu za jirani)



Kuku huatamia mayai yake siku 21, na katika siku hizo mali ya mwenyeji hukaa chini ya mbawa za ndege mmoja tu. Mayai 12 yakiuzwa sokoni hayaleti fedha nyingi. Lakini vifaranga 10 wakikua, huenda wakalipa karo ya mtoto. Kwa hiyo mtu ahesabuye hasara ya yai moja kiotani, kwa kweli amepoteza kuku mzima.

Tuseme yupo mama mmoja upande wa Bahati, aliyemwekea koo wake mayai 12. Siku ya tano ahesabu, yamebaki 10. Siku ya tisa, 7. Jambo la kwanza afanyalo ni kumwita kijana wake aliyeachwa nyumbani, na kijana akikana, apata fimbo. Siku ya kumi na moja mayai ni 5, na kijana alikuwa shuleni mchana kutwa. Mambo ya namna hii hutokea katika nyumba nyingi, na mara nyingi aliyepigwa hana kosa. Yampasa mwenye kuku ajue alama za wezi kabla ya kumlaumu mtu.

Panya huliviringisha yai mpaka shimoni mwake, asiache ganda wala ute. Nyoka naye humeza yai zima. Yupo nyoka mmoja mwembamba, asiye na sumu, ambaye chakula chake ni mayai tu; hulivunja yai akiwa ameshalimeza, akanywa yaliyomo, kisha akalitema ganda likiwa limebanwa kama karatasi iliyofinyangwa. Nguchiro huja mchana. Hulichukua yai na kulipiga juu ya jiwe, na maganda huonekana hapo karibu. Lakini kama kiota chenyewe kimelowa ute, na mdomo wa kuku una rangi ya manjano, basi mwizi ni kuku mwenyewe. Huyo hujifunza ubaya wake siku yai lenye ganda jembamba lipasukapo chini yake. Dawa yake ni kumshibisha, kuweka nyasi za kutosha, na kumpa maganda ya mayai yaliyokaushwa na kusagwa sana. Yasiwe vipande vikubwa, asije akatambua yametoka wapi.

Katika habari ya mama wa Bahati, hapakuwa na ganda wala ute. Basi yafaa atazame nyuma ya kiota, chini ya ukuta na karibu na ghala ya mahindi, kabla ya kumwita kijana tena.

Adui mwingine hana meno, naye ni kuku wa pili. Mitetea wapendao kutaga mahali pamoja humwingilia koo, humsukuma, huvunja mayai mawili matatu, na kuacha mapya juu ya yale ya zamani. Siku ya 21 vifaranga hutoka, koo huondoka nao, na yale mayai mapya yaliyokwisha kupata uhai huachwa yapoe na kufa. Hasara hii haina mwizi, wala haionekani upesi, na huenda ndiyo ipatikanayo zaidi katika boma lenye kuku wengi. Kinga yake ni kipande cha makaa tu: kila yai liandikwe alama siku ya kwanza, na lisilo na alama liondolewe jioni ileile. Iliyo bora zaidi ni kumtenga koo mahali pake peke yake.

Kazi hii huanza kabla ya kuatamia. Mayai yaondolewe kiotani kila siku, libaki moja la kumdanganya mtetea. Yawekwe mahali pa baridi kidogo, mbali na meko, ncha nyembamba ikielekea chini, wala yasikae zaidi ya siku 7 hadi 10. Yasioshwe. Kisha yote yawekwe pamoja chini ya koo wakati wa usiku. Mayai 10 au 12 yatosha; yakizidi, ya pembeni hupoa, na kwa kuwa koo huyageuza daima, kila yai hupata zamu yake ya baridi.

Baridi si jambo dogo katika nchi hii. Mji wa Nakuru wenyewe u juu ya bahari kadiri ya mita 1,850, na Molo iko juu zaidi. Koo hutoka kiotani mara moja kwa siku kwa kadiri ya dakika 20. Akikosa mahindi na maji karibu, atazunguka saa nzima akitafuta, na mayai yatakuwa baridi kama mawe. Kumwekea chakula hatua chache kutoka kiotani ni kulinda mayai sawasawa na kuziba shimo la panya.

Kisanduku kiinuliwe kutoka ardhini, na usiku kifunikwe kwa wavu wenye matundu madogo. Upande wa misitu ya Mau, ambako siafu husafiri wakati wa mvua, miguu ya meza ya kiota isimamishwe katika mikebe yenye mafuta ya taa. Ama utitiri na viroboto, hao humfukuza koo hata akayasusia mayai yake. Wenyeji wa Nakuru hawana udhuru hapa, kwa maana kiwanda cha pareto kimo mjini mwao. Unga wa pareto ukinyunyizwa kidogo katika nyasi za kiota na chini ya manyoya, wadudu hao hufa.

Usiku wa siku ya saba, kila yai lipimwe mbele ya tochi. Lenye mishipa myekundu lina uhai; lililo jeupe ndani liondolewe. Yai viza likipasuka kiotani, uchafu wake hupenya maganda ya mengine.

Watu huuliza kama kazi hii ina faida bado, kwa kuwa kituo cha KALRO cha Naivasha kimetoa kuku wa kienyeji walioboreshwa, watagao zaidi. Ni kweli hutaga zaidi, lakini hamu yao ya kuatamia ni ndogo. Mayai yao yahitaji mashine, au koo wa kizamani. Asiye na umeme anajua atamchagua yupi.

Kuanzia siku ya 19 koo asisumbuliwe, wala kifaranga asisaidiwe kutoka gandani. Wakisha kukauka, wafunikwe pamoja na mama yao chini ya tenga. Habari za mwewe zitasemwa juma lijalo.